Askari Waliokataa Kufia Kitandani

Uti wa mgongo una pingili 33 zilizopangana kutoka shingoni hadi kwenye kifandugu. Katikati ya pingili hizo umepita ugwe wa neva, mwembamba kama kidole cha mwisho cha mkono, ambao ndio njia ya amri zinazoshuka kutoka kwenye ubongo na habari zinazopanda kutoka mwilini. Risasi, kipande cha bomu au gari lililopinduka likiuponda ugwe huo, sehemu yote ya mwili iliyo chini ya jeraha hubaki bila mawasiliano. Jeraha la kifuani au kiunoni hupoozesha miguu. La shingoni hupoozesha mikono pamoja na miguu, na likiwa juu sana huzuia hata pumzi, kwa sababu neva zinazoendesha msuli mkuu wa kupumulia hutoka kati ya pingili ya tatu na ya tano za shingo.

Mtu akiona kiti cha magurudumu hudhani msiba wote ni kutotembea. Walioumia wenyewe mara nyingi hutaja kwanza mambo yasiyoonekana: mkojo, choo, nguvu za mikono, unyumba. Kibofu hakitoi tena taarifa kwamba kimejaa. Ngozi haisikii kwamba imelaliwa kwa saa nne mfululizo. Damu huacha kupita chini ya makalio na visigino, nyama hufa, na kidonda huanza ndani kabla hakijaonekana nje. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichowaua waliovunjika uti: vidonda vya kulalia na uchafu wa mkojo uliopanda hadi kwenye figo.

Wamisri wa kale waliandika kwenye mafunjo kwamba jeraha la namna hii halina tiba, na kwa maelfu ya miaka madaktari hawakupata la kuwapinga. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, makadirio ya madaktari yalikuwa kwamba wanane kati ya kila askari kumi walioumia uti walikufa, wengi wao ndani ya wiki chache. Cheo hakikumwokoa mtu. Desemba 1945, vita ikiwa imeshakwisha, Jenerali George Patton wa Marekani alivunjika shingo katika ajali ya gari huko Ujerumani. Alilazwa hospitali ya kijeshi mjini Heidelberg, na siku 12 baada ya ajali bonge la damu lilimuua.

Lakini wakati Patton anazikwa, mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Penisilini ilikuwa imefika mahospitalini, na damu ya kuongezewa majeruhi ilipatikana hadi karibu na uwanja wa vita. Huko Uingereza, daktari mmoja mkimbizi alikuwa ameamua kwamba wagonjwa hawa hawatakufa tena. Ludwig Guttmann alikuwa Myahudi wa Ujerumani, bingwa wa magonjwa ya neva, aliyewakimbia Wanazi mwaka 1939. Februari 1944 alikabidhiwa kituo kipya cha majeruhi wa uti katika hospitali ya Stoke Mandeville, mji wa Aylesbury, kwa kuwa serikali ilijua kwamba uvamizi uliokuwa ukipangwa huko Ufaransa ungeleta majeruhi wengi.

Tiba ya Guttmann haikuwa na muujiza ndani yake. Aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kukosa, na inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alipita wodini usiku kuhakikisha agizo linatekelezwa. Alisimamia usafi mkali katika kutoa mkojo. Aliwaondoa wagonjwa kwenye vitanda vya plasta walivyofungwa ndani kama mizigo, akawapunguzia dawa za kutuliza, akawapa kazi za mikono na michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, wagonjwa 16 wa vita, wanaume na wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa mishale kwenye uwanja wa hospitali. Mwaka 1952 walijiunga maveterani, yaani wanajeshi wa zamani, wa Uholanzi, na mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma kwa wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Michezo ya Paralimpiki ilianzia pale. Kenya iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1972, katika mji uleule wa Heidelberg alikofia Patton.

Upande wa pili wa Atlantiki, zaidi ya askari elfu mbili wa Marekani walirudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia wakiwa wamepooza na wakiwa hai. Nchi haikuwa na mpango nao, maana hapakuwahi kuwa na kundi kama hilo. Walilazwa katika hospitali za jeshi na za maveterani, vijana wa miaka 20 na kitu, wengi wakiwa wameshapona vidonda lakini hawana pa kwenda. Nyumba za wazazi wao zilikuwa na ngazi mlangoni na choo chenye mlango mwembamba kuliko kiti. Ofisi, shule na mabasi vilijengwa kwa ajili ya mtu mwenye miguu inayotembea. Daktari aliweza kusema mgonjwa amepona, na mgonjwa akaendelea kulala wodini mwaka mzima kwa sababu ya upana wa mlango. Ukweli huo ndio uliogeuza wagonjwa kuwa watetezi.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Waliolala kwenye vitanda hivyo ndio walioanza kujipanga, wodi kwa wodi, kwanza kila hospitali na chama chake, kisha kwa pamoja. Mwaka 1946 walianzisha Paralyzed Veterans of America, maarufu kama PVA, na Februari 1947 wajumbe walikutana katika hospitali ya Hines karibu na Chicago kukipa chama chao katiba. Hadi leo mwanachama kamili sharti awe mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyeumia uti au mwenye ugonjwa unaouathiri. Bunge la Marekani lilikitambua rasmi kwa hati maalumu mwaka 1971.

Ushindi wao mkubwa wa kwanza ulihusu nyumba. Juni 1948 Bunge lilipitisha sheria iliyompa mkongwe wa vita aliyepooza miguu nusu ya gharama za kujenga nyumba inayomfaa, kwa kiwango kisichozidi dola 10,000. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa wakati ule, na zilinunua vitu rahisi: mlango mpana, bafu ambalo kiti kinaweza kugeuka ndani yake, njia ya mteremko badala ya ngazi, swichi ya taa mahali mkono wa mtu aliyeketi unapofika. Kabla ya hapo, mwaka 1946, sheria nyingine ilikuwa imewapatia msaada wa kununua gari wanajeshi waliopoteza miguu au matumizi yake. Gari liliwekewa vyombo vya kuendeshea kwa mikono, na kijana aliyekuwa akisukumwa na muuguzi akaweza kujipeleka kazini.

Umma wa Marekani uliwajua watu hawa zaidi mwaka 1950, filamu iitwayo The Men ilipotoka. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Marlon Brando. Kabla ya kuigiza, Brando aliishi wiki kadhaa katika hospitali ya maveterani ya Birmingham, California, akitumia kiti cha magurudumu kama wao, na wagonjwa wengi wa hospitali hiyo wakaonekana kwenye filamu yenyewe. Watazamaji waliona sinema inayozungumzia wazi swali la ndoa ya mtu aliyepooza.

Miaka 20 baadaye ilionekana jinsi huduma inavyoporomoka pale wanaoisimamia wanapolegea. Katika Vita vya Vietnam, helikopta zilimfikisha majeruhi kwa daktari wa upasuaji ndani ya muda mfupi kuliko vita yoyote iliyotangulia, hivyo wengi ambao wangekufa porini walirudi nyumbani wamepooza. Walikuta hospitali zilizojaa na wahudumu wachache. Mei 1970 jarida la Life lilichapisha picha za wodi za hospitali ya maveterani ya Bronx, New York: msongamano, uchafu, mtu aliyepooza akisubiri mhudumu asiyekuja. Taifa lilishtuka. Mmoja wa waliopita katika hospitali hiyo ni Ron Kovic, aliyepigwa risasi mwaka 1968 akiwa na miaka 21. Mwaka 1974 yeye na wenzake walikalia ofisi ya seneta mmoja huko Los Angeles na kugoma kula kwa zaidi ya wiki mbili, wakidai matibabu yenye heshima. Mwingine ni Bobby Muller, luteni aliyepigwa risasi ya uti mwaka 1969, aliyekuja kuongoza chama cha maveterani wa Vietnam na kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampeni ya kupiga marufuku mabomu ya ardhini, kampeni iliyopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1997.

Kelele hizo zilisaidia, lakini utetezi una upande wa kimya, nao ndio unaomfikia mtu mmoja mmoja. Mwanajeshi wa zamani wa Marekani hapati fidia kwa kuonyesha kiti chake tu. Sharti athibitishe kwamba aliumia kazini au kwamba ugonjwa wake umetokana na utumishi. Kisha hupimwa kiwango cha ulemavu kwa asilimia, na mwenye kupooza huweza kustahili malipo ya ziada kwa kupoteza matumizi ya viungo au kuhitaji mtu wa kumhudumia kila siku. Kuna fomu, kumbukumbu za kikosi, barua za madaktari, muda wa kukata rufaa. Tangu enzi za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe hadi mwaka 1988, wakili hakuruhusiwa kumtoza mkongwe zaidi ya dola 10 kwa kushughulikia dai lake, na kwa dola 10 mawakili hawakuwa wakijitokeza. Tena hadi mwaka huohuo uamuzi wa idara ya maveterani haukuweza kupelekwa mahakamani.

Pengo hilo lilizibwa na maofisa wa huduma wa vyama kama PVA. Ofisa wa namna hii hukaa ndani au karibu na hospitali, huja kitandani siku za mwanzo ambapo familia bado imeduwaa, huuliza maswali ambayo mgonjwa hakujua kama yana uzito, kisha huandaa dai na kulifuatilia bila kutoza senti. Wengi wao wenyewe hutumia kiti cha magurudumu. Anayeingia wodini namna hiyo hana haja ya kueleza kwa nini anajua anachosema.

Matibabu yenyewe hutolewa na idara ya maveterani kupitia mtandao wa vituo 25 maalumu vya uti wa mgongo, vinavyoshirikiana na timu ndogo katika hospitali nyingine. Kwa nini vituo maalumu? Mfano mmoja unatosha. Mtu aliyeumia uti sehemu ya juu ya kifua au shingoni anaweza ghafla kuumwa kichwa vibaya, akatoka jasho usoni, ngozi ya shingo ikaiva wekundu na shinikizo la damu likapanda hadi kiwango cha kupasua mshipa wa ubongo. Muuguzi asiyejua atampa dawa ya kichwa na kumlaza chali. Anayejua atamketisha wima, atalegeza mkanda na nguo, kisha atafuata mpira wa mkojo kwa vidole mpaka apate mahali ulipojikunja. Mpira ukinyooshwa, mkojo hutoka na shinikizo hushuka. Kibofu kilichojaa kingeweza kumuua mtu ambaye hakihisi. Kwa sababu hiyo PVA ilisimamia jopo la wataalamu lililoandaa miongozo ya tiba ya majeraha haya, nayo hutolewa bure kwa hospitali yoyote.

Mwaka 1996 Bunge liliilazimisha kisheria idara ya maveterani isipunguze uwezo wake wa kutibu uti wa mgongo. Sheria peke yake haigeuzi mgonjwa kitandani. Kila mwaka madaktari, wauguzi na watu wa PVA hutembelea vituo, wakatazama vitanda vinavyotumika kweli na kuhesabu wauguzi walioajiriwa dhidi ya wanaotakiwa. Kitanda kisicho na muuguzi wa kutosha hakistahili kuhesabiwa kama kitanda cha mtu aliyepooza, na hili ndilo jambo ambalo takwimu za ofisini huwa hazilionyeshi.

Jambo linalostahili kusifiwa zaidi ni kwamba walichopigania hawakukifungia ndani ya uzio wao. Mwaka 1945 mjini Kalamazoo, Michigan, mwanasheria Jack Fisher, naye majeruhi wa vita, aliuomba mji ukate kingo za barabara kwenye makutano ili kiti na magongo vipite. Baadaye Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapokea maveterani wa viti vya magurudumu. Kampasi yao ya Galesburg ilipofungwa mwaka 1949, wanafunzi hao walikwenda makao makuu ya jimbo kuandamana. Timothy Nugent, aliyewasimamia, aliongoza utafiti uliozaa kiwango cha kwanza cha majengo yanayofikika, mwaka 1961. Humo ndimo kilimoandikwa kipimo kinachotumika hadi leo: kwa kila kimo cha sentimita 1, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12.

Kisa cha ndege kinafundisha jinsi kushindwa kunavyoweza kugeuzwa. Mashirika ya ndege yaliweza kumkataa abiria aliyepooza au kumtaka asafiri na mtu wa kumhudumia, hata kama hamhitaji. PVA ilikwenda mahakamani ikidai kwamba viwanja vinajengwa kwa fedha za serikali, basi ndege zinazovitumia nazo zisibague. Juni 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani iliikatalia: fedha zimepewa viwanja, si mashirika. Wanachama hawakukata rufaa, kwa kuwa hakuna mahakama iliyo juu ya ile; walikwenda bungeni. Oktoba mwaka uleule sheria mpya ilikataza mashirika kubagua abiria kwa sababu ya ulemavu. Miaka minne baadaye, tarehe 26 Julai 1990, ikasainiwa sheria kuu ya haki za walemavu wa Marekani, inayomlinda raia yeyote, awe aliwahi kushika bunduki au hapana.

Kazi haijaisha. Abiria wa ndege bado hulazimika kuacha kiti chake kipakiwe pamoja na mizigo, na mwaka 2023 pekee mashirika ya Marekani yaliharibu, kupoteza au kuchelewesha zaidi ya viti 11,000. Kiti cha mtu aliyepooza hutengenezwa kwa vipimo vya mwili wake. Kikivunjika, yeye hulala, na akilala kidonda hurudi. Wanandoa wengi walikosa watoto kwa sababu sheria ya mwaka 1992 iliizuia idara ya maveterani kugharamia urutubishaji wa mbegu nje ya mwili, mpaka Bunge liliporuhusu mwaka 2016 kwa walioumia katika utumishi. Watunzaji wa nyumbani, wengi wao wake na akina mama, walianza kulipwa posho kwa sheria ya mwaka 2010, lakini mwanzoni ni wale tu wa walioumia utumishini tangu Septemba 2001. Mke aliyemgeuza mumewe aliyeumia Vietnam kila usiku kwa miaka 40 aliambiwa yeye hamo. Haki hiyo haikuwafikia wote mpaka Oktoba 2022, na wengine walikuwa wameshazikwa.

Afrika Mashariki wengi wanaoumia uti hawajawahi kuwa askari. Ni abiria wa bodaboda, utingo wa lori, mgema aliyeanguka kutoka kwenye mnazi, kijana aliyepanda mwembe. Nairobi ina hospitali ya taifa ya majeraha ya uti, lakini wengi hutibiwa katika hospitali za kawaida na kisha nyumbani, mikononi mwa ndugu. Yale yaliyojulikana wodini Stoke Mandeville na Hines yanawahusu vilevile. Aliyeanguka na kusema hasikii miguu asibebwe kwa kushikwa mikono na miguu wala kupakizwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, shingo ikishikiliwa isicheze, na asubiri gari. Akirudi nyumbani ageuzwe kila baada ya saa mbili, na ngozi yake itazamwe kila siku kwa macho. Na anayejenga duka, zahanati, msikiti au kanisa lenye ngazi mbili mlangoni, zenye kimo cha sentimita 30, atenge nafasi ya mita 3 na sentimita 60 pembeni na kumwaga zege la mteremko kabla fundi hajaondoka.